Ukungu Juu ya Mdomo

Ukungu ulikuwa umerudi kwenye picha, na Amuge hakuelewa.

Manyunyu yalikuwa yakianguka Adungosi tangu alfajiri. Kamera aliivika juala la plastiki alilonunua upande wa Uganda, akaacha lenzi tu nje. Mtu anayerekodi matanga peke yake huzoea mvua. Unafuta, unaendelea.

"Dada, uso wa baba hauonekani vizuri," ikasema simu iliyofungwa kando ya kamera. Alikuwa binti wa marehemu, akifuatilia mazishi kutoka Qatar. "Ebu futa lenzi."

Akaifuta kwa pindo la leso. Akaingia chini ya hema, akainamia kidirisha cha kioo kwenye jeneza. Ukungu ungali pale, mdogo kama sarafu, juu ya mdomo wa mzee.

Basi ni kioo. Akakipangusa nacho kwa kiganja. Kiganja kikabaki kikavu, na ukungu haukutoka.

Mzee alikata roho jana jioni, nyumbani, wala mochari hakupelekwa. Pengine ni joto la hema. Pengine maiti wote huwa hivyo. Nani huwaangalia kwa karibu namna hii?

Ukungu ukanywea, ukaisha. Kisha ukarudi.

"Dada wa kamera, umemaliza?" akauliza mchungaji. Vijana walikuwa wameshainama kubeba jeneza.

"Umefuta?" ikauliza simu.

"Nimefuta," akasema Amuge, asijue anamjibu nani. "Huu ukungu uko ndani."