Kozi ya Bure ya Shifa

Mwadini alitoka dukani kwa hasira, akatembea mwendo wa kutosha kuitwa, na hakuitwa.

Alisimama mbele ya duka la miamvuli, akainama kana kwamba anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndara. Nyuma yake, Laoban Chen, mwenye duka la mapazia, alikuwa akimenya chungwa. Kwa miaka yote waliyofanya biashara hapo sokoni Sanyuanli, ugenini kwa Wachina, mama huyu alimkimbilia hadi kwenye lifti na kumvuta mkono: "Rafiki, rudi, rudi." Siku hiyo hakunyanyua hata kichwa.

Mwadini akarudi mwenyewe. Akaweka simu sikioni, akaanza kumweleza mtu wa Dar es Salaam kwamba bei hii haiwezekani.

"Hiyo simu imezimwa," alisema Laoban Chen, kwa Kiswahili.

Mapazia aliyachukua kwa bei aliyoitaka mwenye duka.

Nyumbani alimkuta binti yake Shifa mezani, amezungukwa na makaratasi. Shifa bado alikuwa sekondari, lakini tangu mwanzo wa mwaka huo wa 2007 alikwenda kila Jumamosi kwenye chuo cha biashara upande wa pili wa reli. Kwa alivyoelewa Mwadini, chuo kilikuwa kimewafungulia milango wanafunzi wa sekondari wanaojua lugha zaidi ya moja, wasome bila kulipa chochote. Mwadini, aliyeacha skuli mapema akamfuata ami yake dukani, hakumficha mtu habari hiyo. Aliipeleka msikitini, akaipeleka kwa kinyozi, na kila alipokwenda kuulizia kontena aliirudia kwa Burhani, mwenye ofisi ya mizigo.

"Bure kabisa?" aliuliza Burhani. "Na wao wanapata nini?"

"Wameona kipaji, bwana. Nchi inayokua haiachi kipaji kipite hivi hivi."

Lililomfurahisha zaidi hakumwambia Burhani. Shifa, ambaye kwa muda mrefu alimjibu baba yake kwa kuguna huku macho yake yako kwenye kompyuta, sasa alikuwa anamuuliza maswali.

"Baba, ukishatoka dukani, unageuka kuangalia?"

"Hata kidogo. Ukigeuka umekwisha. Unakwenda kama mtu mwenye pengine pa kwenda."

"Na ule ugonjwa wa bibi?"

"Huo ni wa mwisho, bei ikigoma kabisa. Unautaja kwa sauti ya chini, halafu unatazama sakafu."

Akasimama katikati ya sebule kumwonyesha sakafu inavyotazamwa. Bibi mwenyewe alikuwa Makunduchi, mzima wa afya, anagombana na jirani kwa sababu ya kuku.

Shifa aliyaandika yote. "Nina somo la kuandaa," alisema kila Ijumaa, na Mwadini akaona labda ndivyo wanavyosema watu wa vyuoni. Jumamosi alirudi jioni, sauti imemkauka, mkono wa blauzi una vumbi la chaki. Baba yake alimchemshia chai ya tangawizi kwa mikono yake mwenyewe.

Huku nyuma soko likazidi kuwa gumu, na si kwenye mapazia tu. Mwadini alipoicheka bei, walicheka naye. Aliponuna, walimletea kiti. Kijana mmoja muuza mashuka, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa "mambo" na "hapana", alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole, kwa lafudhi ya Unguja kabisa, "Maskini. Mama hajapata nafuu mpaka leo?"

Mwadini aliilaumu michezo ya Olimpiki iliyokuwa inakuja. "Wameshiba," alimwambia Burhani. "Nchi yote inajengwa upya. Hawatuhitaji tena." Kontena lake lililotakiwa kupelekwa bandarini Huangpu lilikuwa nusu tupu, na wateja wake wa Kariakoo walikuwa wameanza kuagiza kwa wengine.

Usiku mmoja, baada ya chakula, alimwita Shifa.

"Mambo yakibaki hivi, mwanangu, tutafunga mizigo turudi nyumbani. Kinachonizuia ni hicho chuo chako tu. Nitavumilia mpaka umalize."

Shifa alivuta vuta uzi wa kitambaa cha meza.

"Baba, utakuja siku ya kufunga kozi? Wamesema nikulete."

"Nitakosaje?"

Alikwenda na kanzu nyeupe na koti la harusi. Ukumbi ulikuwa umejaa, na viti vya mbele vilikaliwa na wenye maduka wa Sanyuanli. Mwadini alilainika moyo. Watu aliokuwa akiwalaani tangu asubuhi walikuwa, kumbe, wazazi kama yeye, wamefunga maduka kwa ajili ya watoto wao. Akajipenyeza hadi kwa Laoban Chen.

"Kumbe na wewe una mtoto hapa?"

"Mtoto wangu yuko chekechea," alijibu Laoban Chen, akasogeza mkoba wake ili Mwadini apate pa kukaa.

Kabla hajauliza zaidi, mkuu wa chuo alishika kipaza sauti, akawaomba wanafunzi wote wasimame wamsalimie mwalimu wao. Laoban Chen akasimama. Muuza mashuka akasimama. Safu zote za mbele zikasimama, kalamu mkononi.

Shifa akapanda jukwaani. Akakishusha kipaza sauti kilingane na kimo chake, akamtafuta baba yake kwa macho, na alipomwona akatabasamu kwa fahari.

"Mtihani wa vitendo unaanza," aliwaambia kwa Kichina. Kisha kwa Kiswahili: "Baba, njoo mbele. Jifanye unanunua mapazia."