Siku Twalibu Aliporudi Kutafsiri

Kwenye banda la video, watu walianza kucheka hata kabla kijana wa kwenye filamu hajapigwa na umati. Walijua Twalibu, anayewatafsiria kwa kipaza sauti, angesema nini: "Mtwangeni, bado hajalainika huyo." Mzaha huo ndio uliowaleta.

Lakini leo ilikuwa siku yake ya kwanza kazini tangu amzike mdogo wake, aliyepigwa na umati sokoni, nyuma ya banda hilohilo, kwa kudhaniwa mwizi.

Fimbo ya kwanza ikashuka. Twalibu akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Anasema si yeye," akatafsiri taratibu. "Anasema, mwiteni kaka yangu, yupo hapo bandani, anachekesha watu."

Kijana wa kwenye filamu hakuwa amefungua mdomo.

Kicheko kikakatika.

"Zima, mwanangu," mama mmoja akasema kutoka benchi la mbele. "Nenda ukapumzike."

Twalibu hakuzima. Aliirudisha filamu nyuma. Fimbo zikainuka moja moja kutoka mgongoni, umati ukaondoka kinyumenyume, kijana akabaki peke yake akichagua machungwa, na kidole cha Twalibu kikaganda kwenye kitufe.