Saba na Ushei

Tunu alizisimamisha risasi mbili kwenye kaunta ya Shaweji, fundi wa bunduki: nene ya milimita saba na ushei, aliyoitumia marehemu baba yake, na nyembamba ya sita na nusu. Jumamosi, kwenye mashindano, angelenga shabaha iliyo umbali wa mita elfu moja, na bado hakuwa na bunduki.

"Nipe ya baba," alisema. "Hii nyembamba ni ya watoto."

"Nyembamba haiyumbishwi sana na upepo, Bi Tunu. Lakini ijaribu hiyo unayoitaka."

Shaweji aliijaza bunduki ya saba na ushei akiwa amempa mgongo. Kwenye uwanja wa nyuma Tunu akalala kifudifudi, akalenga, akavuta kifyatulio. Ikalia ta, basi. Fundi alikuwa ametia ganda lisilo na baruti. Hata hivyo bega la Tunu lilikuwa limeruka kana kwamba bunduki imelipiga teke, na macho ameyafumba.

"Unaiogopa tangu lini?"

Tunu alipangusa vumbi kwenye kitako cha bunduki. "Tangu baba alipokuwa akinishikilia bega nikifyatua."

Shaweji akamletea bunduki ya sita na nusu. Kabla ya kulenga, Tunu aliisimamisha ile risasi nene mchangani, kando ya mtutu. Akavuta. Mshindo ulipotoka, macho yake yakiwa wazi, aliiona ile nene ikianguka.