Neno Lililobaki Kazini

Siku hizi anayeacha kazi hufutwa kichwani neno alilolitumia kazini kuliko yote. Linabaki mali ya mwajiri. Siwatu alijibu simu za waliokatiwa maji kwa miaka kumi na mmoja, akimpa pole kila mmoja na kumwambia asubiri, na moyo wake wote uko kwenye kusuka mikeka.

"Watachukua 'subiri'," alimwambia mama yake, Bi Chausiku. "Walichukue tu, nimelichoka."

Jumatatu akajikaza, akarudisha kitambulisho, akavishwa kofia ya chuma dakika tatu. Neno gani limeondoka, hakuambiwa.

Mchana alikuwa barazani na mkeka wake wa kwanza, vidole vyepesi, anaimba. Mama yake alikuwa jikoni akimchemshia ukindu wa kusukia katika rangi ya zambarau. Sufuria ikapinduka. Bi Chausiku akatoka mkono umebabuka mpaka kiwiko.

Siwatu akammwagia maji, akampepea na upande wa khanga. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Mwanangu," mama akasema taratibu, "hata pole?"

Siwatu akamtazama midomo.

"Hata nini, mama?"