Istikhara ya Paris na Roma

"Paris au Roma, mzee Mwidani?" Mheshimiwa aliuliza, macho kwenye simu, mkewe kando yake na sahani ya sambusa katikati yao. "Mama watoto ataka Roma, mimi nataka Paris. Hebu tufanyie istikhara, Mungu atuchagulie."

Mwidani hakuja kwenye baraza ya mheshimiwa hapo Likoni kuchagua miji ya Wazungu. Alikuja kuomba zahanati ya mtaa ifunguliwe. Ilijengwa, ikapakwa rangi, ikatiwa kufuli. Na mwaka jana mkewe alikata roho mbele ya mlango huo. Sasa bintiye alikuwa na mimba ya miezi tisa.

"Zahanati tutafungua nikirudi," alisema mheshimiwa. "Utepe lazima nikate mwenyewe. Haya, dua, mzee wangu."

Nikirudi! Kana kwamba mtoto tumboni naye atangoja utepe.

Mwidani aliwatazama, mume na mke, mashavu yaking'aa mafuta ya sambusa. Hata kuwakasirikia akaona ni kuwapa heshima. Akainua viganja vyake vilivyopasuka kwa saruji.

"Ya Rabbi, wafikishe salama, iwe Paris, iwe Roma."

"Amin," wakaitikia, vinywa vimejaa.

"Wape raha mpaka wakinai."

"Amin."

"Na wakishikwa na maradhi huko, ya Rabbi, wajaalie zahanati iliyo mfano wa hii yetu, na mwenye ufunguo awe safarini."

"Amin!" akaitikia mheshimiwa kwa sauti, kidole chake kikiendelea kupekua picha za hoteli.

Mke ndiye aliyeacha kutafuna.