Doti Moja

Sheria mpya ilikuwa imeshatangazwa: wanawake wanaopendana kama mume na mke wafungwe, na mwenye nyumba aliyewapangisha afungwe pamoja nao. Sasa mjumbe, Mzee Chande, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kukagua wapangaji, na Bi Mosi alimsikia akipiga hodi kwa jirani.

Mpangaji wake, Shemsa, ameketi uani akishona, kajifunga kanga nyekundu. Kipande cha pili cha doti ile kiko kambani kinachuruzika maji, nacho ni cha Rehani, mwanamke mwenziwe anayelala naye chumba kimoja. Doti hugawana mtu na mamaye, au na mpenziwe. Mtaa mzima unajua hilo.

"Bibi, nikimbie?" Shemsa alinong'ona.

"Ukimbilie wapi? Shona!"

Bi Mosi alipiga bismillahi, akaivuta kanga kambani, akajitanda ikiwa mbichi vilevile. Mzee Chande akaingia.

"Khe! Bi Mosi, umeoga na nguo?"

"Joto, mjumbe wangu. Mimi na mwanangu tumegawana doti, sikungoja ikauke."

"Mwanao? Wewe si umezaa madume matupu!"

"Na anayenichotea maji ya udhu ni nani, hayo madume?"

Mzee Chande akacheka sana, kisha akavuta kigoda, akaketi.

"Haya. Tumngoje na yule mpangaji wako mwingine."

Maji yalimtiririka Bi Mosi mpaka miguuni. Huko kichochoroni Rehani alisikika akiamkia watu, mlango hadi mlango, akija, asijue kanga yake imejitandwa na nani.