Kichupa cha Tatu

Msichana wa ishirini na nne katika foleni alikisogeza kichupa cha tatu puani, akavuta pumzi ndefu kama anayenusa marashi, kisha akasema, "Sifuri."

"Una hakika?" mtafiti aliuliza.

"Hamna kitu humu, Mama Vichupa. Leo umetuonea."

Darasa zima likaangua kicheko. Mtafiti aliandika sifuri, mdomo umempinda kwa kinyaa. Vichupa vilizungushiwa karatasi nyeusi na vifuniko vyake kutobolewa matundu, ili mtu anuse bila kuona. Alama zilianza sifuri, yaani hakinuki, mpaka tano, yaani natapika. Cha kwanza kilikuwa na siki, cha pili maji ya kunywa, na kile cha tatu maji ya mfereji wa nyuma ya shule. Aliyachota mwenyewe asubuhi: meusi, mazito kama uji, yana povu la kijani na vipande vya utumbo kutoka machinjioni.

Zamani mfereji ule ulifurika mara moja kwa mwaka. Siku hizi mvua haina adabu, huja ipendavyo, mara nne, mara tano, na kila ikija mfereji huingia madarasani. Ukirudi huacha ute kwenye madawati, halafu jua kali linaupika. Utafiti wao, yeye na mwenzake mmoja, ulitaka kujua hali hiyo inawafanya nini vijana wanaobalehe: wanalalaje, wanakulaje, wanaishije na nafsi zao. Majibu yalikuwa mbele yake. Waliohamia juzijuzi walikimbilia mlangoni kutapika. Waliokaa miezi sita usiku na mchana walisema sifuri, tena wakitabasamu.

Tabasamu hilo ndilo lililomchefua kuliko utumbo. Lilimkumbusha mkaguzi wa afya, aliyesimama ukingoni wiki iliyopita, mikono mfukoni, akatangaza kwamba watu wa hapa wameshazoea.

"Wameshazoea!" mtafiti alifoka, akatema mate dirishani. "Hivi mzazi gani anakaa humu na mwanawe mpaka pua inakufa, na yeye yupo tu, anapika, anafua?"

Mwenzake, ambaye wanafunzi walimwita Barakoa Mbili kwa sababu hakuwahi kuvaa moja, alitikisa kichwa. "Wewe dada ni chuma. Mimi hata na hizi mbili nasikia chai ya asubuhi inanirudi."

"Vua, kaka. Watoto wanaona unawakimbia. Mimi yangu niliitupa zamani."

Wanafunzi walipotoka alibaki mmoja wa kupimwa, na huyo hakuwa wa shule hiyo. Alikuwa binti yake, miaka kumi na minne, aliyekuwa akishuka kwenye basi kutoka shule yake ya zamani, upande wa pili wa mji.

Walihamia ukingoni mwa mfereji miezi minane iliyopita, ili mama awe karibu na kazi. Wiki za mwanzo binti alilala na mtandio usoni, akisukuma sahani kila mlo, akilalamika mpaka mama akachoka. Kisha siku moja akanyamaza. Mama alimtazama akila polepole, macho chini, akahofia kwamba pua yake nayo imekufa. Aliapa: mwanawe akisema sifuri, jioni hiyohiyo atampeleka kwa mama yake mkubwa, kule milimani, hata kama nyumba itabaki kaburi. Asubuhi ya leo hofu hiyo ilikuwa imemzidi mpaka maziwa yakaungua na yeye amesimama mbele ya jiko. Binti ndiye aliyetoka mbio chumbani kuja kulizima.

Mzazi hampimi mwanawe, ndiyo kanuni. Kwa hiyo Barakoa Mbili alikwenda mferejini, akachota maji mapya, akarudi macho yanamtoka machozi. Mtafiti alisimama mlangoni, kawapa mgongo.

"Haya mrembo, cha kwanza?"

"Siki. Moja."

"Cha pili?"

"Sifuri. Sisikii chochote."

"Cha tatu?"

Mtafiti alishika fremu ya mlango mpaka kucha zikauma. *Mungu wangu, asiseme sifuri.*

Kiti kikaanguka kwa kishindo. Binti alikuwa tayari dirishani, ameinama, anatapika.

"Tano," alisema akijifuta mdomo. "Tano! Wee, andika hata kumi!"

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Alimkumbatia, akambusu kipaji cha uso, akambusu ile pua. "Nzima! Pua ya mwanangu nzima kabisa! Sasa wewe nawe, kwa nini ulininyamazia miezi yote hii? Unajua nilivyokonda?"

"Nilichoka, mama."

"Kuchoka nini tena?"

Binti alijifunga mtandio puani, akakichukua kichupa kile kwa ncha za vidole, akamwekea mama yake mkononi.

"Hebu nusa na wewe."

Mtafiti alikisogeza puani, bado anacheka, akavuta pumzi. Akavuta tena, ndefu zaidi, macho kayafumba. Kisha akamgeukia mwenzake, aliyekuwa amejibana ukutani, viganja vyote viwili juu ya barakoa.

"Kaka," akamwuliza, "hapa mbona umetia maji ya kunywa?"